Kitu Namba Kumi na Nne

King'ora kililia saa tano asubuhi, na Tusekile hakukimbia. Zamani alikuwa akikimbia. Siku hizi alimaliza kwanza kufunga nailoni kwenye mche aliokuwa akiubebesha kikonyo cha mti mwingine, akakifuta kisu kwenye aproni, ndipo akanyanyuka kutoka kwenye kitalu chake cha parachichi nyuma ya nyumba na kuingia ndani kwa mlango wa jikoni, polepole, kama mtu anayekwenda kuepua sufuria.

Alijua atakachokikuta. Baba yake, Mzee Ambilikile Mwaipaja, alikuwa amesimama katikati ya korido mikono juu, kipande cha mkate kikiwa kwenye mkono mmoja, macho ameyafumba. Taa nyekundu ya lile boksi la king'ora lililo juu ya mlango ilikuwa inammulika kipara, ikiwaka na kuzimika, na sauti nzito ya mwanamume ambaye pengine kwa sasa ni marehemu ilirudiarudia: "Mwizi! Simama hapo hapo! Majirani wameshaarifiwa!"

Hakuna jirani aliyetokea. Majirani walikwisha kuchoshwa na habari za Mzee Mwaipaja kumwibia Mzee Mwaipaja.

"Baba, piga hodi," alisema Tusekile.

"Hodi? Humu humu ndani?"

"Ndiyo, baba. Piga hodi."

"Hodi," alisema mzee, bado mikono juu.

"Karibu."

King'ora kikanyamaza. Mzee akafumbua jicho moja, kisha la pili, akashusha mikono, akautazama mkate kana kwamba ndiyo kwanza anauona. "Ahsante, mama," alisema kwa adabu ya mgeni, akaendelea na safari yake ya chumbani, mguu wa kushoto ukiburuta.

Boksi lile lilifungwa Tusekile akiwa kidato cha pili, enzi za wezi wa betri, wakati kila nyumba ya Mbeya ilikuwa imeezekwa kwa mabati ya jua na hakuna aliyelala akiwa na hakika ya kuamka na umeme. Chini ya sakafu yote zilipita nyaya nyembamba kama uzi wa kushonea, kazi yake kusikiliza nyayo: uzito wa mtu, urefu wa hatua, namna kisigino kinavyotua. King'ora kilimjua kila mwenyeji kwa mwendo wake. Akiingia mtu kisiyemjua, kilisubiri kwanza. Mgeni akipiga hodi na mwenyeji akamwitikia karibu, kilitulia kwa muda. Waliokitengeneza walikuwa watu wa huku huku, na enzi hizo mwizi alikuwa bado hajajua kupiga hodi.

Halafu mzee akapata kiharusi, kidogo tu, daktari alisema, na mguu ukaanza kuburuta. Kwa bahati mbaya ile sehemu ya king'ora iliyokuwa ikijifunza ilikuwa imekwisha kufa miaka kadhaa nyuma. Kilikumbuka tu, hakikujifunza tena. Mzee Mwaipaja kiliyemjua alikuwa na hatua ndefu na visigino vizito. Huyo alitoka siku moja na hajarudi. Huyu anayeburuta mguu kilimwona mwizi. Mzee mwenyewe naye akawa hivyo hivyo, watu wa zamani anawajua, wa leo wanampita. Tusekile alijiambia kwamba baba yake na king'ora chake wameugua ugonjwa mmoja, na yeye kageuka muuguzi wa wote wawili bila hata kusomea.

Hodi na karibu angezivumilia. Aliitikia mara arobaini kwa siku, nyingine akiwa mdomo umejaa chakula. Kilichomkausha ni saa kumi.

Kila siku ilipogonga saa kumi alasiri, mzee alivaa koti lake la kaki, akachukua shada la funguo zisizofungua tena kitu chochote duniani, na kutoka. Alikuwa anakwenda kukabidhi. Kwa miaka thelathini na moja alitunza stoo ya vipuri kwenye karakana ya reli, na mtunza stoo hafungi siku akiwa na funguo mfukoni. Karakana ilikwisha kubomolewa, hilo hakuna aliyeweza kumwingizia akilini. Na king'ora kilikuwa hakina habari na mtu anayetoka. Shida yake ilikuwa wanaoingia.

Mwezi wa tatu, mvua zikiwa kubwa, mzee alitoka Tusekile akiwa kitaluni. Alitafutwa siku mbili. Walimkuta kwenye mtaro kando ya reli, maji yamemfika mbavuni, mkono mmoja ameunyanyua juu ili funguo zisilowe. Tangu siku hiyo ikifika saa kumi kasorobo Tusekile aliacha kila kitu, akaweka kigoda mlangoni, akakaa. Alikaa mpaka jua linazama nyuma ya mlima Loleza, akibishana na baba yake kwa upole, kisha kwa ukali, kisha kwa machozi. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Alirudi nyumbani kwa mwezi mmoja tu, kumwangalia mzee, na mwezi huo ulikuwa na miaka sita.

Basi ilipokuja barua kutoka serikali ya mtaa kwamba ving'ora vya zamani vitakatwa kwenye mtandao mwisho wa mwezi, na ilipofuatia simu ya kaka yake Gwakisa kutoka Dodoma kwamba ameshaagiza mtambo mpya na fundi anakuja Jumanne, hakuuliza swali. Gwakisa alikuwa mtu wa kutuma vitu. Kuja mwenyewe kulimwia vigumu.

*

Fundi aliitwa Nsajigwa. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye ngazi ya kukunja begani na tabia ya kuuomba radhi ukuta kabla ya kuutoboa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja na hati?"

"Hati gani, mzee wangu?"

"Ya kupokelea mzigo. Bila hati huo mzigo hauingii hapa."

Fundi alimtazama Tusekile. "Alikuwa mtunza stoo," Tusekile alisema kwa sauti ya chini. Nsajigwa hakucheka. Alifungua mkoba, akatoa karatasi ya dhamana ya mtambo, akampa mzee kwa mikono miwili. Mzee aliisoma yote, hadi yale maandishi madogo ya chini, akatia sahihi. Kuanzia hapo Tusekile akampenda yule fundi.

King'ora cha zamani kilipokatwa waya kilipiga ukelele mfupi wa mwisho, bila sababu. Mzee akanyanyua mikono. Nsajigwa, akiwa juu ya ngazi, alitazama pembeni mpaka mikono iliposhuka yenyewe.

Mtambo mpya ulikuwa bamba jembamba la rangi ya maziwa, na mkeka mweusi wa kutandika kizingitini. Haukuhitaji nyaya za sakafuni. Ulimtambua mtu kwa joto lake, mwendo wake na pumzi zake, na ulikuwa na sauti ya binti aliyesoma sana.

"Huu hausikilizi hodi," alieleza fundi. "Wezi walikuja kujifunza, dada. Walirekodi sauti za wenye nyumba, wakawa wanapiga hodi na kujiitikia wenyewe. Kwa hiyo sasa ni orodha. Ziko tatu. Wenyeji, hao wanaingia na kutoka wanavyotaka. Wageni, hao wana utaratibu wao. Na mali. Mali ni kila kitu usichotaka kitoke. Kikisogea mlangoni bila mwenyeji kukishika, mlango unajifunga."

Tusekile aliganda. "Na mtu? Unaweza kumfungia mtu asitoke?"

"Hapana. Ule moto ulioteketeza watoto nyuma ya mlango uliogoma, unaukumbuka? Sheria ikaja hapo. Hakuna mtambo wa nyumbani unaoruhusiwa kumzuia mtu. Hata ukiulazimisha unakukatalia."

Tusekile alikaa kwenye kigoda, kile kile cha saa kumi. Hakuwa amepanga kumweleza mtu asiyemjua, lakini maneno yalitoka yenyewe: funguo, mtaro, siku mbili, kigoda. Nsajigwa alisikiliza huku akikaza skrubu iliyokwisha kukazika.

"Wengine," alisema hatimaye, "huwa wanawaandika kwenye mali."

"Wengine nani?"

"Siwataji, dada. Mtaa huu huu nimefanya nyumba tatu. Kuna kifungu cha mali inayojongea. Kiliwekwa kwa ajili ya mbuzi, na zile mashine zinazopiga deki zenyewe. Mtambo unauliza uzito na mwendo. Hauulizi kama hicho kitu kina watoto."

"Na moto ukitokea?"

"Ukinusa moshi unafungua kila kitu, mali na watu. Hilo nimelijaribu kwa mikono yangu, vinginevyo nisingekubali. Hataumia, dada. Ila atakuwa ameandikwa hapo. Mimi sijakushauri kitu, na kidole kitakachobonyeza kitakuwa chako."

Tusekile alimpigia Gwakisa. Gwakisa alijibu haraka mno, na Tusekile akaelewa kwamba kaka yake alikuwa anajua hivyo tangu alipoagiza.

"Weka," alisema Gwakisa. "Ni jina tu kwenye mashine. Nani atalisoma?"

"Ni baba, Gwakisa. Namwandika pamoja na mbuzi."

"Na akifia mtaroni, hapo ndipo tutakuwa tumemheshimu? Niambie, Tusekile. Wewe ndiye unayejua."

Tusekile aliihamishia simu sikio la pili. Alitazama nje, kitalu chake kimesimama, miche mia tatu ya watu inasubiri kubebeshwa na msimu unakwenda. Kilichomwogopesha ni kwamba, kabla hata hajakata simu, mwili wake wote ulikuwa umeshaanza kufurahia kulala alasiri.

Uandikishaji ulichukua saa nzima, na mzee hakuwa na siku njema kama hiyo kwa muda mrefu. Aliposikia vitu vinapewa namba alikwenda chumbani, akarudi na kaunta buku lake la zamani na kalamu, akamwamuru fundi amsomee kila kitu polepole. Betri nne za ukutani, moja hadi nne. Friji, tano. Pampu ya maji, sita. Cherehani, saba. Runinga na redio. Mbuzi wawili wa maziwa, kumi na kumi na moja, ambao walivutwa mpaka kwenye mkeka na kupimwa wakilalamika. Mashine ya deki. Sanduku la marehemu mama yake Tusekile, kumi na tatu. Mzee aliandika kwa mwandiko ule ule wa kulala kulia, safu zimenyooka, na mkono wake haukutetemeka hata kidogo.

"Sasa wewe, mzee wangu," alisema Nsajigwa bila kumtazama usoni. "Simama hapa kwenye mkeka."

Mzee aliweka kaunta buku mezani, akasimama. Alinyoosha mgongo.

"Kilo hamsini na tatu," ilisema sauti ya binti. "Mali inayojongea. Kitu kipokewe?"

"Na tarehe," alisema mzee. "Andikeni na tarehe, mwisho wa mwezi msije mkanisumbua."

Mkono wa fundi ulisita hewani. Tusekile aliona kwamba akingoja hata dakika moja zaidi hataweza. Akabonyeza bamba kwa kidole gumba.

"Kitu namba kumi na nne kimepokewa."

"Ndaga," alisema mzee kwa kilugha chao, akashukuru kazi nzuri, akashuka mkekani. Hakukiandika kitu cha kumi na nne, kwa kuwa buku lilikuwa mezani, na hakuna aliyemkumbusha.

*

Siku tatu za kwanza Tusekile alilala. Alilala alasiri, mchana kweupe, viatu miguuni, na kuamka akiwa na alama za mto shavuni na hajui ni siku gani. Alibebesha miche mia na arobaini. Aliosha nywele. Alisimama uani saa kumi na nusu, hana kigoda, hana ugomvi na mtu, na akasikia ndege ambao bila shaka walikuwa wakiimba hapo miaka yote sita.

Ndani, saa kumi ilipofika, mambo yalikwenda kama fundi alivyosema. Mzee alivaa koti, akachukua funguo, akafika kwenye mkeka. Kitasa kililia kidogo. "Kitu namba kumi na nne hakijaruhusiwa kutoka," ilisema ile sauti, kwa heshima tele. Mzee alisikiliza. Alijaribu tena. Kisha aligeuka na kurudi chumbani bila kelele, na Tusekile, aliyekuwa akichungulia kutoka jikoni, alishusha pumzi. Alitaraji hasira. Ukimya aliuchukulia kuwa ni nafuu.

Siku ya nne aliingia ndani akakuta nyumba imepekuliwa.

Milango ya kabati ilikuwa wazi. Friji limesogezwa mbali na ukuta. Vitambaa vya sanduku la marehemu mama vimepangwa kitandani kimoja kimoja. Wazo lake la kwanza lilikuwa wezi, na la pili lilikuwa kwamba mtambo mpya nao ni bure tu. Kisha akamsikia baba yake stoo ya jikoni, akihesabu.

Mzee alikuwa amepiga magoti sakafuni katika koti lake la kaki, kaunta buku wazi mbele yake. Alikuwa akitoa mifuko ya unga na kuangalia nyuma yake. Kipara kilikuwa kinatiririka jasho.

"Baba, unatafuta nini?"

"Funga mlango," alisema kwa sauti ya chini. "Tuna upotevu."

"Upotevu gani?"

"Kumi na nne." Alimwonyesha ukurasa. Mbele ya kila namba, moja hadi kumi na tatu, aliweka alama ya vema, na kila alama ilikuwa imerudiwa mara nne, siku nne. Chini yake aliandika 14, na mbele ya hapo hapakuwa na kitu. "Kila siku nikitaka kufunga, msichana wa getini ananiambia kumi na nne inatolewa. Kila siku. Mimi nipo pale pale mlangoni na simwoni anayeitoa. Nimerudi nimehesabu. Vyote vipo. Kumi na nne ndiyo haipo."

Tusekile aliingia stoo, akafunga mlango nyuma yake.

"Miaka thelathini na moja," alisema mzee, "sijapoteza hata boliti. Waulize. Sasa wataniita mwizi." Midomo ilianza kumcheza. "Na lililo baya zaidi sikumbuki ni kitu gani. Nimepokea kitu na sikukiandika. Mimi! Mama, wewe ulikuwepo. Kumi na nne ni nini?"

Tusekile alikuwa amemwona baba yake amepotea, amelowa, amejikojolea, amemsahau jina. Hakuwahi kumwona akiona aibu. Mzee alikuwa analia kimya kimya, kichwa ameinamisha, kama mtu anayesubiri kusomewa mashtaka, na Tusekile alijua nani amemfikisha hapo. Alitaka kusema ni mimi, baba, ni mimi niliyekuandika. Lakini hilo lingemtua yeye mzigo na kumtwika mzee.

Alipiga magoti kando yake kati ya mifuko ya unga.

"Nimekiona, baba."

Mzee alinyanyua uso. "Umekiona? Kiko wapi?"

"Kipo. Kipo salama humu humu ndani."

"Umekiona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

Mzee alichukua kalamu. Aliielekeza kwenye ule mstari mtupu. "Hali yake?"

Tusekile aliutazama ule mguu wa kushoto uliokunjwa chini yake. "Kimechakaa kidogo," alisema. "Ila ni kizima. Kinafanya kazi."

"Kizima," mzee aliandika. Aliutazama ukurasa, akakunja uso, na kwa nukta chache akawa yule yule aliyekuwa akigombana na mainjinia kwenye dirisha la stoo. "Sasa kama ni kizima, nani kakizuia? Kitu kizima hakikai stoo, mama. Stoo vinakaa vinavyosubiri kazi. Kizima kinatolewa, kinakwenda kazini."

"Ndiyo, baba."

"Nani kasaini kizuiliwe?"

Tusekile alianza kurudisha mifuko ya unga mahali pake, mmoja mmoja, na mzee akamsaidia.

*

"Nilijua utaniita," alisema Nsajigwa asubuhi iliyofuata, akikunjua ngazi ambayo hakuihitaji. "Wale watatu wengine hawajaniita. Lakini wewe nilijua."

"Mtoe kwenye mali."

"Nimweke wenyeji? Akiwa mwenyeji atatoka kama wewe unavyotoka, na mtambo hautasema kitu. Utarudi kwenye kigoda."

"Ulisema wageni wana utaratibu wao. Utaratibu gani?"

Fundi alijikuna shingo. "Hicho kifungu watu wengi wanakizima. Ukiwa na mgeni, akisimama kutaka kuondoka, mtambo unamwita mwenyeji. Mlango unafunguka, haumzuii, sheria ni ile ile, ila unafunguka taratibu na unakuita kwa sauti popote ulipo, hadi kitaluni. Unasema mgeni anaaga, njoo umsindikize. Haunyamazi mpaka uguse mkeka. Walioutengeneza waliona si vizuri mgeni aondoke peke yake kama mbwa."

"Yeye anatembea polepole," alisema Tusekile. "Hafiki getini kabla yangu."

"Kwa leo. Lakini fikiria vizuri, dada. Itakuwa kila siku. Mvua, jua, unaumwa, una mteja. Ukimweka mgeni, huwezi kumwambia mtambo leo sina nafasi. Na siku utakayochelewa, ni reli ile pale."

"Najua reli iko wapi."

Gwakisa alikuwa kwenye simu, amewekwa juu ya meza, amesikia yote. "Tusekile, dada yangu, umelala siku nne tu, unaanza tena. Utachoka."

"Nimeshachoka, Gwakisa. Sikukwambia kwamba nitaacha kuchoka." Sauti yake haikupanda. Hakuwa na nguvu za kuipandisha. "Mlango unaweza kuniita mimi. Wewe huko Dodoma hauwezi kukufikia. Kama unaogopa nitachelewa, njoo tuchukue zamu."

Gwakisa alisema ataangalia ratiba yake, na kwa mara ya kwanza ilionekana kama kweli anaitafuta. Tusekile hakuweka matumaini yoyote hapo.

Fundi alimsimamisha mzee kwenye mkeka mara ya pili. "Kitu namba kumi na nne kinaondolewa kwenye mali," ilisema sauti ya binti. "Mgeni anapokewa. Jina la mgeni?"

"Ambilikile Mwaipaja," alisema Tusekile.

"Karibu, Ambilikile Mwaipaja."

Mzee aligeuka kutafuta nani amemwita. "Ahsante," alisema kwa furaha. "Nimekaribia."

Mchana ulipita. Tusekile alibebesha miche kumi na saba, na ule wa kumi na nane ulikuwa mkononi, nailoni imezungushwa mara mbili tu, sauti ilipotoka kwenye kipaza sauti kidogo ambacho fundi alikuwa amekiacha kitaluni: "Mgeni anaaga. Njoo umsindikize." Miguu ilimuuma kuanzia kwenye nyayo. Alifikiria, kwa uwazi kabisa, jinsi ilivyokuwa rahisi siku nne zile, na alijua kwamba atazifikiria kesho pia, na kesho kutwa, na kwamba iko siku atazililia. "Mgeni anaaga. Njoo umsindikize." Akaweka kisu chini.

Mzee alikuwa ameshafika kizingitini, koti limefungwa vifungo vyote, funguo mkononi. Mlango ulikuwa ukifunguka mbele yake kwa mwendo wa mlango wa kanisa. Tusekile alikanyaga mkeka, na sauti ikanyamaza.

"Nakwenda kukabidhi," alisema mzee, akijiandaa kwa ubishi.

"Twende nikusindikize."

Mzee alishangaa, kisha uso wake ukalainika. Walitoka. Baridi ya mwezi wa sita ilikuwa imeshashuka kutoka mlimani, na Tusekile alijitupia kanga mabegani. Walipita geti, wakapita duka la vocha na dawa, wakapita nyumba tatu ambazo milango yake ilikuwa imefungwa na hakuna mzee aliyeonekana barazani. Mguu wa kushoto uliburuta, na Tusekile alipunguza hatua zake zikalingana na za baba yake. Mzee alimweleza habari za mtu mmoja aliyewahi kuomba beringi nane na kurudisha saba, na jinsi ile ya nane ilivyopatikana. Tusekile alikuwa amekwisha kuisikia habari hiyo mara mia. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuisikia akiwa hamzuii.

Kwenye njia panda, pale ambapo wenyeji wote wa mtaa ule huagana na wageni wao na kurudi, mzee alisimama. Alimgeukia, akampa mkono.

"Basi, mama. Umenifikisha mbali. Inatosha, rudi, najua una kazi nyingi nyumbani."

Tusekile aliupokea ule mkono. Ulikuwa mwepesi na wa baridi, na hakuuachia.

"Bado kidogo, baba," alisema. "Bado kidogo."

Wakaendelea kuelekea kwenye reli.